KINYWA NI MLANGO WA MWILI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme nanyi habari za meno. Labda wako wadhanio kwamba jambo hili ni dogo. Lakini Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na mengi ya maradhi hayo yaweza kuzuiliwa.

Asili yake ni ukoga, yaani utando laini ushikao meno kila siku, nao umejaa vijidudu. Vijidudu hivyo hula sukari tulayo, vikatoa asidi ilayo jino hata likatoboka. Basi sisi makarani yatupasa kujitazama. Kikombe cha chai ya sukari kikikaa mezani tangu asubuhi hata adhuhuri, nasi twanywa funda moja moja, meno hayapati nafasi ya kupumzika. Afadhali kuinywa pamoja na chakula, kisha ikaisha.

Ukoga ukiachwa hudhuru ufizi. Ufizi utokao damu si sababu ya kuacha mswaki, bali ni sababu ya kuutumia vema. Wala madhara hayakomi kinywani. Mwenye kisukari hupatwa upesi na maradhi ya ufizi, na maradhi hayo nayo hufanya kisukari kiwe kigumu kutulizwa. Tena vijidudu vya kinywani huweza kuingia katika damu, vikaudhuru moyo wenye kasoro.

Kinga yake si ya gharama kubwa. Tupige mswaki mara 2 kila siku, mara moja iwe kabla ya kulala, kwa muda wa dakika 2, na dawa ya meno iwe yenye floraidi. Watoto wetu nao tuwasimamie.

Ama desturi ya kumwendea tabibu siku ya kung'oa tu, haifai. Jino lenye tundu dogo huzibwa, likatumika miaka mingi. Lililoachwa mpaka mtu akakosa usingizi, aghalabu dawa yake ni koleo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na jino la mtu mzima likitoka, halioti jingine. Kwa hiyo nawasihi, kila mmoja akaonyeshe kinywa chake mara moja kwa mwaka, ijapokuwa hana maumivu.

Ndugu zangu, twalinda majalada ya ofisi yasiliwe na mchwa. Hatuna udhuru wa kuacha meno yetu yaliwe.