Upinde Wataka Pori

Mtu akiacha bunduki na kusema atawinda kwa upinde wa mti tu, tusidhani amechagua kazi nyepesi. Tuwatazame Wahadzabe wa Ziwa Eyasi.

Upinde hawanunui. Mwindaji hukata mti mwenyewe, akauchonga kwa kisu. Kamba ni kano za mnyama. Fito za mishale huzipasha moto, kisha huzinyoosha kwa meno. Ndiyo, kwa meno! Mshale wa ndege ni mti mtupu uliochongoka. Wa mnyama mkubwa una chuma, mara nyingi msumari uliofuliwa kwa nyundo, ukapakwa sumu ya mti.

Bunduki huua kwa mbali. Mwenye upinde lazima anyemelee, upepo usipeleke harufu yake kwa mnyama. Na akishapiga, hakimbilii. Akikimbiza, mnyama naye atakimbia mbali na nyama itapotea. Basi husubiri sumu ifanye kazi, halafu huenda na wenzake kufuata nyayo na damu, pengine kesho yake.

Sasa, pori likilimwa lote, atanyemelea wapi? Ndiyo maana mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Sisi wengine nasi tukumbuke: sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuwinda, na mwenye upinde hakusamehewa. Kabla ya kuchonga, tumwulize afisa wanyamapori.