Asali ya Tabora na Mtoto Mchanga

Msikilizaji, ukishuka stendi ya Tabora hukosi chupa ya asali. Ya Sikonge, ya Urambo, ya misitu ya miombo. Wanyamwezi walirina asali tangu misafara ya Bagamoyo ikipita hapa kwenda Ujiji. Nunua, ni tamu kweli. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, usimpe asali.

Kwa nini? Ndani ya asali huweza kuwemo bakteria waliolala, wamejifungia kwenye ganda gumu. Wewe mtu mzima, tumbo lako linawamudu. Tumbo la mtoto bado changa. Humo wanaamka, wanazaliana, wanatoa sumu inayolegeza misuli. Ugonjwa huo huitwa botulizimu. Hutokea mara chache, ila unaweza kuua.

Kuichemsha asali jikoni hakuwaui. Alama ya TBS kwenye lebo itazame, ni jambo jema, lakini nayo haiwaondoi.

Bibi, shikamoo. Tunajua umelea wengi kwa kidole kilichochovywa asali. Kwa huyu mjukuu, ngoja kwanza. Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama tu. Narudia: chini ya mwaka mmoja, hakuna asali. Hata ya kulambisha.

Mtoto akikosa choo siku kadhaa, kope zikimlegea, kilio kikififia, akishindwa kunyonya, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kama alilambishwa asali, mwambie daktari bila kuficha.