Mazungumzo kwa Wananchi: Chakula cha Kale na Jaa Lililokihifadhi



Mchimbuzi wa mambo ya kale hatafuti dhahabu. Mara nyingi kilicho na thamani zaidi kwake ni jaa la zamani: mifupa ya samaki, makombe, vigae vya vyungu na majivu. Chakula kilicholiwa kimekwisha. Punje iliyoanguka mekoni ikaungua ndiyo iliyodumu, kwani mkaa hauozi. Udongo wa jaa humiminwa majini, punje hizo zikaelea, zikaenguliwa kwa chujio jembamba, kisha zikatazamwa kwa hadubini.

Kwa njia hiyo Kisiwa cha Pemba kimetoa habari ambazo hazikuandikwa na mtu. Huko Tumbe, makazi ya karne ya 7 hadi ya 10, nafaka kuu ilikuwa uwele. Mpunga ulikuwapo, lakini kidogo. Jirani yake, Chwaka (ya Pemba, siyo ile ya Unguja), mji uliostawi kuanzia karne ya 11, mpunga umekwisha kuushinda uwele. Basi wali, unaodhaniwa na wengi kuwa chakula cha wenyeji tangu mwanzo, una mwanzo wake. Baadhi ya wataalamu wanalihusisha badiliko hilo na karamu: aliyeweza kuwalisha watu wengi wali alijipatia heshima. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa wali kwa samli, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Lakini yeye alikuwa mgeni wa mtawala. Jaa hueleza pia habari za wale ambao hakuna msafiri aliyeketi nao.

Vinywaji huacha dalili nyingine. Huko Georgia, katika nchi za Kaukazi, vigae vya mitungi ya tangu mwaka 6000 hivi kabla ya Kristo vilikutwa vimenyonya asidi ya tartariki, ambayo ni alama ya zabibu. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2017. Mvinyo ulikauka zamani. Udongo wa mtungi ukabaki na siri yake.

Kwa hiyo, anayechimba msingi wa nyumba au shimo la choo akakuta majivu, makombe na vigae katika tabaka moja, asimamishe kazi, asivioshe wala asivihamishe, na ampe taarifa Sheha wake. Kigae kilichoondolewa mahali pake hakiwezi tena kueleza kililala na punje gani.