Ufagio Begani



Ukishuka Raskazone hapa Tanga saa hizi za jioni utakuta watoto wanaruka majini, watu wazima wamekaa wanapunga upepo, na kule mbele kisiwa cha Toten kimelala kama hakijui lolote. Ufukwe huuhuu ndio walioanza kushukia wanajeshi wa Mwingereza usiku wa tarehe 2 Novemba 1914. Walikuwa kiasi cha 8,000, wengi wao Wahindi waliopakiwa melini Bombay, na mkubwa wao akiitwa Meja Jenerali Aitken. Hapa mjini walisubiriwa na jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck, la watu wapatao elfu moja, na wengi wao walikuwa askari weusi, wana wa nchi hii na nchi jirani. Tarehe 5 wageni walikuwa wanarudi melini. Waliacha bunduki mamia, rashasha 16 na risasi 600,000. Waja leo, waondoka leo. Habari za nyuki waliowauma siku ile vitani mnazijua kuliko mimi, sizirudii.

Jioni hii sina hamu ya kusimulia vita. Nina swali la baada ya vita. Yule askari mweusi aliyebaki hai, akatembea juani miaka minne hadi Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini mwaka 1918, alimaliziwa haki yake lini?

Mwaka 1964.

Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai malimbikizo yao. Ni mwaka uleule aliofariki Lettow-Vorbeck mwenyewe, na mwaka uleule ambao sisi tulianzisha jeshi letu la JWTZ. Waandishi wa vita ile wanasimulia kwamba dirisha la malipo lilifunguliwa Mwanza, na wazee kama 350 wakajitokeza. Wachache tu walikuwa na hati. Wengine walikuja na kipande cha sare kilichochakaa, wengine mikono mitupu. Mtu wa benki akakuna kichwa, kisha akapata akili: kila mzee akapewa ufagio, akaamrishwa kwa Kijerumani aushike kama bunduki. Begani! Chini! Heshima toa! Husemwa hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kisa hiki watu hukicheka, nami nimekicheka. Lakini kikae kidogo kichwani. Mzee wa miaka 66 au 70, mjukuu wake labda anamtazama, anachezeshwa gwaride la ufagio ili athibitishe kwamba alikuwa mtu fulani. Jeshi lililomsajili, likampa namba, likamhesabia posho, limepoteza daftari. Mzigo wa ushahidi akabebeshwa yeye.

Hata hivyo yule mtu wa benki nampa sifa moja: hakumwambia mzee arudi Jumatatu na nakala tatu.

Na mpagazi je? Maana vita ile haikupiganwa kwa bunduki peke yake. Kulikuwa na mamia ya maelfu ya watu waliobeba mizigo kichwani, wakafa kwa njaa, kuhara na malaria, makumi kwa makumi ya maelfu. Wa Mwingereza waliachia jina lao mtaa wa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi, kutokana na kikosi chao cha wapagazi. Huyu ungempima kwa ufagio gani? Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Nenda kaangalie makaburi ya vita hapa Tanga, uone nani ana jina na nani hana.

Vita ya Pili ya Dunia ikaja. Kutoka Tanganyika peke yake walikwenda zaidi ya 80,000, na wengi wa jeshi la Mwingereza la King's African Rifles wakafika Burma. Hapa kuna jambo ambalo hatulisemi vya kutosha: jeshi lile lilisomesha. Lilikuwa na kikosi chake cha elimu, walimu weusi wenye vyeo, na magazeti ya Kiswahili kama Askari na Heshima. Kijana aliyeondoka kijijini hajui a wala be alirudi anaandika barua. Kina Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally walirudi kutoka Burma na fikra zilizoishia kwenye chama cha TANU. Mwaka 1944, wakati vijana wetu wamo kwenye matope ya Burma, Marekani ilipitisha sheria ya kuwasomesha wanajeshi wanaorudi, na kufikia mwaka 1947 karibu nusu ya walioingia vyuoni kule walikuwa ni hao. Tusijipambie ya wenzetu, maana hata kule mkongwe mweusi alikuta milango mingi imefungwa. Lakini sheria ilikuwepo, ikaandikwa kabla mtu hajarudi nyumbani. Wa kwetu alirudi na kiinua mgongo kilichopimwa kwa rangi ya ngozi: mzungu wa cheo kilekile alipata hadi mara tatu ya alichopata mweusi. Kalamu aliyofundishwa na jeshi akaitumia kuandika barua za kudai.

Sasa tusogee karibu, maana kumsema Mjerumani na Mwingereza ni rahisi, hawapo studio.

Novemba 1978, kwenye vita ya Kagera, Mwalimu Nyerere alitaja mambo matatu: sababu, uwezo na nia. Nchi nzima ikaitika. Jeshi likavimba kwa wanamgambo waliotoka mashambani, viwandani, kwenye mkonge wetu huu, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wakarudi wakapokewa kwa ngoma. Jambo la nne halikutajwa, nalo ni daftari. Mwanajeshi wa kudumu alikuwa na ajira, na mwenye ajira hufuatwa na pensheni. Mwanamgambo alirudi kwenye jembe lake, na pensheni haifuati jembe.

Na hata huyo mwenye pensheni ya Hazina, tumeshamwona. Ana bahasha ya kaki kwapani, ndani yake barua ya kustaafu iliyokunjwa mara nne hadi imetoboka kwenye mikunjo. Ukiitishwa uhakiki anafunga safari kutoka kijijini Mkinga au Pangani kuja mjini kuonyesha kwamba hajafa. Akiwa amekufa kweli, mjane anaanza safari nyingine: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, mahakama ya mwanzo, usimamizi wa mirathi, kisha ndipo mafao. Kila karatasi ina sababu yake, sikatai. Wezi wa pensheni hewa tumewasikia. Ila angalia nani anatembea. Mwenye miguu mibovu ndiye anayetembea, mwenye gari la ofisi amekaa.

Afrika Kusini ina sheria ya wanajeshi wakongwe tangu mwaka 2011, imetaja matibabu, ushauri nasaha, makazi, mazishi, nauli, na elimu na mafunzo. Wenzetu wa Kenya nao wakapitisha ya kwao mwaka 2022. Sheria si ugali, haishibishi mtu siku ileile; Afrika Kusini kwenyewe wakongwe wameandamana wakidai kilichoandikwa. Lakini mtu huandamana akiwa na cha kunyooshea kidole.

Kwa upande wa elimu, serikali yetu imefuta ada hadi kidato cha sita, na hilo limemfaa mjukuu wa mpiganaji kama lilivyomfaa mjukuu wa mtu mwingine. Baada ya hapo kuna Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa vyuo, inayomwangalia yatima, mwenye ulemavu na mtoto wa kaya maskini ya TASAF. Mwana wa mpiganaji huingia mlango huo kwa umaskini wake. Mimi ningependa aingie pia kwa jina la babake, na binti wa mgambo wa Handeni aende chuo cha ufundi cha VETA bila kuuliza ada.

Ila nalirudia daftari, maana bila daftari hayo mengine ni maneno ya jukwaani. Mtendaji wa kata anajua nani ana mbuzi wangapi. Ashindwe kujua nani alikwenda Kagera? Apite nyumba kwa nyumba, aandike: jina, kikosi, namba ya jeshi. Muulize mwanajeshi yeyote mzee namba yake, ataitaja usingizini. Na mgambo asiyekuwa na namba waulizwe wenzake waliolala naye handaki moja, maana hao wanamjua kuliko karatasi yoyote.

Nimepiga hesabu kabla sijaingia hapa studio. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1918 alifika Mwanza kwenye ule ufagio akiwa na miaka 66. Aliyekuwa na miaka 20 alipovuka mto Kagera, umri huo ameshaufikia.