Mvulana Naye Aambiwe

Septemba 2024, mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei alifariki mjini Eldoret, Kenya, siku chache baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto. Polisi walimtaja aliyekuwa mpenzi wake kuwa mshukiwa. Ukatili wa namna hii mara nyingi hutanguliwa na mambo yanayopuuzwa: kijana kupekua simu ya msichana, kumchagulia marafiki, kumtisha akitaka kuachana naye. Wazazi, binti tumemwonya miaka yote. Mvulana tumemwambia nini? Afundishwe mapema kwamba wivu si kipimo cha mapenzi, na kwamba akikataliwa hajavunjiwa heshima. Baba, anakutazama unavyomjibu mama yake ukikasirika. Zungumzeni naye, na akikosea mwambieni waziwazi kuwa amekosea.