Kazi Mbili, Sahihi Moja



Tuseme muuguzi amesaini mkataba na hospitali binafsi hapa Mpanda. Wiki ya pili kazini, jina lake linatoka kwenye tangazo la Sekretarieti ya Ajira la kuitwa kazini: amepangiwa zahanati kando ya Ziwa Tanganyika. Afanyeje?

Kwanza, asitoweke. Usiku, wodi ya wazazi inaweza kuwa mikononi mwa muuguzi mmoja tu. Asipotokea, anayeumia ni mama aliyeshikwa na uchungu. Kwangu mimi, hilo ni zito kuliko mshahara.

Wala hajafungwa. Kwa mkataba unaovunjika kwa notisi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza. Baadaye, kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 28. Iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe. Soma na mkataba wenyewe, maana unaweza kudai muda mrefu zaidi.

Kabla ya kuandika, ulizia huko uendako: nyumba ya mtumishi ipo? Masika barabara inapitika? Kumbuka pia serikalini utaanza na miezi 12 ya majaribio.

Ukishaamua, mfuate matroni ana kwa ana, mweleze, mkabidhi barua, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri.