Dakika Arobaini Zinatosha: Kumwandaa Mwanafunzi wa Sekondari Msingi kwa Insha ya Masimulizi

Mada kwa semina ya walimu wa Kiswahili wa sekondari msingi

Utangulizi

Mada yangu inamhusu mwanafunzi wa Gredi ya 7, 8 au 9 anayetakiwa kusimulia tukio la maisha yake kwa muda maalumu. Wengi wetu tulifunza kwa ajili ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Kenya uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, ambapo insha ya Kiswahili ilitengewa dakika 40 na alama 40. Mtihani huo umekwisha. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 7 Januari 2023, wakafanya KJSEA, tathmini ya mwisho wa Gredi ya 9, mwaka 2025. Hata hivyo, kipindi cha sekondari msingi ni dakika 40 zile zile, na mazoea yetu ya kufundisha insha hayajabadilika sana. Hoja yangu ni moja: muda unatosha. Kinachoumaliza ni jinsi tulivyomzoesha mwanafunzi kuanza.

Muda hupotelea wapi?

Tuchukue swali la kawaida: "Andika insha kuhusu safari ambayo hutaisahau." Mwanafunzi anaanzia alfajiri. Jogoo anawika, anarauka, anaoga, anapiga mswaki, anastaftahi kwa chai na mkate, anavaa nguo zilizopigwa pasi zikanyooka. Basi linatoka Nairobi ukurasa wa kwanza ukielekea kujaa. Msimamizi anapotangaza kuwa muda umekwisha, basi limefika Mtito Andei, ilhali safari ni ya Mombasa. Kisa chenyewe, yaani mdogo wake kupotea kwenye kivuko cha Likoni, hakijapata hata sentensi moja.

Mwanafunzi huyu si mzembe. Ametii tuliyomfunza. Tulimkaririsha mianzo, tukampa orodha ya tashbihi na methali, tukamwambia insha lazima isisimue. Naye akaelewa kwamba bila majambazi, ajali au moto hana la kuandika. Hasara ni mbili: dakika zake zimekwenda, na sauti yake mwenyewe haijasikika. Anayesahihisha rundo la insha hizo hukutana na jua lile lile likichomoza kila ukurasa.

Kisa kimoja, kidogo

Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Insha ya dakika 40 haiwezi kubeba safari nzima; inabeba tukio moja lililochukua labda robo saa. Jambo la kwanza la kumfunza mwanafunzi, basi, ni kuuliza: katika siku ile, ni wakati gani moyo ulinienda mbio? Aanzie hapo. Kisha aandike mpango mfupi, kwa mfano:

Wapi: Likoni, jioni, tunangoja feri.
Nani: mimi, mama, mdogo wangu wa miaka 5.
Tatizo: namkosa katika umati.
Kilele: nasikia kilio nyuma ya mkokoteni wa machungwa.
Mwisho: mama hakunigombeza, alitushika mikono wote wawili.

Mpango huo ukiwa mbele yake, mwanzo unakuja bila kukaririwa: "Watu walianza kuteremka kuelekea feri. Nilipogeuka, mdogo wangu hakuwepo. Mkononi nilibaki na kofia yake." Ni sentensi 3 fupi, na tayari msomaji anataka kujua mtoto yuko wapi. Hakuna jambazi hata mmoja, na insha inasisimua.

Kuzigawa dakika

Napendekeza mgawanyo huu: dakika 5 za kuchagua kisa na kupanga, dakika 30 za kuandika, dakika 5 za kusoma upya. Katika zile 30, sehemu kubwa iende kwenye tatizo na kilele: nani alisema nini, mikono ilifanya nini, harufu na sauti zilikuwaje. Dakika 5 za mwisho ni za tahajia, nukta na herufi kubwa. Mwanafunzi akikwama kwa kukosa neno, aeleze maana kwa maneno anayoyajua na kusonga mbele.

Wengi hawana saa ya mkononi. Tuwaandikie ubaoni muda uliobaki, wauzoee mapema.

Mazoezi kabla ya mtihani

Kiswahili kina vipindi 4 kwa wiki, kwa hiyo hatuwezi kuandika insha nzima kila mara, na hakuna haja. Tuanze kwa mdomo. Wawili wawili, mmoja asimulie kwa dakika 2, mwenzake aulize: "Alikuwa amesimama wapi? Alikwambia nini?" Majibu ya maswali hayo ndiyo aya ya kati. Pili, kurasa za mwisho za daftari ziwe akiba ya visa: kila Ijumaa, sentensi moja kuhusu jambo lililomtokea wiki hiyo. Siku ya mtihani hataingia mikono mitupu. Tatu, tuandike vipande: leo mwanzo tu, wiki ijayo kilele tu, kwa dakika 10. Insha nzima ya dakika 40 mara 2 kwa muhula inatosha.

Katika kusahihisha, hasa madarasa yanapofurika, wino mwekundu kila mstari humvunja moyo mwanafunzi na kumchosha mwalimu. Tupigie mstari mahali pamoja palipotufanya tuone tukio, na tuandike swali moja la kujibiwa katika insha ijayo.

Tahadhari moja

Tunapomwomba mtoto atusimulie maisha yake, tumefungua mlango. Wengine wana msiba, njaa au dhuluma nyumbani. Tumwambie wazi kwamba ana haki ya kuchagua kisa kingine, na kisa chepesi hakimpunguzii alama. Na insha ikidokeza kuwa mtoto anadhulumiwa, kwanza tuiweke kando kalamu ya alama. Tuzungumze naye faraghani, tumhusishe mwalimu wa ushauri nasaha, na nambari 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto hapa Kenya, ibandikwe ukutani.

Mapendekezo

Naomba semina hii ikubaliane kuhusu mambo matatu: tuache kukaririsha mianzo, kila shule ianzishe akiba ya visa daftarini muhula huu, na tunapokutana tena, kila mmoja alete insha 2 za mwanafunzi mmoja, ya kwanza na ya karibuni, tuzisome pamoja. Mtoto anayeweza kuchagua tukio moja la maisha yake na kulieleza hadi mwisho kwa dakika 40 amepata umilisi utakaomfaa kila atakapotakiwa kueleza lililompata: ofisini, hospitalini, hata mbele ya hakimu. Hiyo ndiyo sababu ya kumfunza kazi hii vizuri.